Tangi la Pili

Land Rover ya mradi wa afya ya mama na mtoto ilikutwa imesimama mbugani, kaskazini ya Kongwa, Jumatano moja asubuhi, Septemba 1996. Walioiona kwanza ni wafugaji wawili waliokuwa wakiswaga ng'ombe kwenda kwenye maji. Kwa mbali walidhani ni watu waliopumzika. Walipokaribia waliona boneti liko wazi na dereva amelala chali chini ya gari, mikono myeusi kwa grisi. Kwenye kivuli chembamba cha gari alikaa nesi, amempakata mtoto mchanga aliyeviringishwa kwenye koti jeupe la kazi. Nyuma, juu ya benchi, alilala mwanamke aliyefunikwa vitenge viwili kutoka kichwani hadi miguuni. Mumewe alikaa miguuni pake.

"Mbona hamwendi?" mfugaji mmoja aliuliza.

"Mafuta yameisha," dereva alijibu kutoka chini ya gari.

Hapo ndipo yule mume alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Hayakuisha," alisema. "Huyu kayauza."

Ijumaa faili lilimfikia Inspekta Bupe, katika ofisi ya upelelezi Dodoma mjini, kwa kuwa mradi ulikuwa wa Dodoma na gari lilikwishakokotwa hadi uani kwa polisi. Bupe alikuwa mwanamke wa Tukuyu aliyekaa Dodoma miaka mingi kiasi cha kuacha kulalamikia vumbi lake. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisoma faili mara moja, akamwita msaidizi wake, Sajenti Wambura.

"Nieleze wewe, kama unamwelezea mtu asiyejua lolote."

"Kesi hii haina kona, Afande," Wambura alisema. "Gari lina matangi mawili ya dizeli. La kwanza ni la kiwandani. La pili liliongezwa hapa hapa mjini, kwa sababu ukishapita Kongwa kwenda kule mbugani hakuna pampu ya mafuta. Matangi yote mawili yakijaa, gari linakwenda mpaka kijiji cha mwisho, linazunguka vitongoji na kurudi Dodoma bila kuomba tone kwa mtu. Safari hii yalijaa. Tabibu Castory, mkuu wa msafara, ameandika hivyo, na dereva mwenyewe, Yotham, anakubali. Lakini Jumanne jioni, wakiwa wamembeba Tereza, mke wa Mazengo, kumpeleka hospitali kwa uchungu uliokwama, gari likazima. Tangi la pili kavu. Mama amejifungulia humo garini, damu ikakataa kukoma, akafariki kabla hakujapambazuka."

"Na mtoto?"

"Mzima. Yuko wodini na bibi yake. Sasa sikiliza, Afande. Kwenye mashine ya kusaga, kule kijiji cha mwisho, limekutwa dumu lenye rangi na namba ya mradi. Tabibu ndiye aliyetuelekeza tukatafute huko."

"Lilikuwa na dizeli?"

"Lilikuwa na harufu ya dizeli," Wambura alisema, kisha akatabasamu kidogo, maana alijua hilo si jibu.

"Rudi kule umwulize mwenye mashine," Bupe alisema. "Mimi nitaanza na dereva."

Yotham aliletwa kutoka mahabusu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, na kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa zimepasuka.

"Shikamoo, Afande," alisema, ingawa umri wao haukupishana sana. Mahabusu humpunguza mtu.

"Marahaba. Kaa. Dumu lilifikaje kwenye mashine ya kusaga?"

"Nililitoa mimi. Lilikuwa tupu, linavuja kwenye mshono. Mwenye mashine alinipa kuku. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Lakini dizeli sikuuza."

"Gari lilizimaje?"

"Tangi la kwanza lilipokaribia kuisha niligeuza koki, nikahamia la pili. Mshale wa mafuta ukapanda mpaka juu kabisa, nikatulia. Kwa kawaida tangi lile linanipeleka mbali. Safari hii mshale ulishuka kama jiwe. Mara gari likakohoa, likazima. Nikasema haiwezekani, mshale umeharibika, labda upepo umeingia kwenye mipira ya mafuta. Nikaingia chini, nikagonga tangi kwa spana. Upande wa mbele likalia, ngoo, tupu. Upande wa nyuma likaitika kizito, kama lina kitu. Nikajua mafuta yapo, yamekataa kuja tu. Nikatoa upepo, nikafungua mipira yote, nikavuta kwa mdomo. Usiku kucha, Afande. Yule mama analia juu yangu, na mimi niko chini nagombana na mipira."

Alizitazama kucha zake. Bupe alifungua ukurasa mpya.

"Nani hujaza lile tangi?"

"Zamani mimi. Miezi miwili iliyopita Dokta Castory alisema linavuja, likashushwa, akalipeleka kutengenezwa. Liliporudi, akasema atakuwa analijaza mwenyewe kwenye ghala letu la Mkonze, kwa pampu ya mkono kutoka kwenye mapipa, ili mafuta yasipotee. Mimi nakabidhiwa gari likiwa tayari. Naangalia mshale, umejaa, naondoka."

"Na kati ya matengenezo na safari hii?"

"Tulikwenda karibu karibu tu. Tangi la pili hatukuligusa."

Bupe aliandika maneno machache, akayapigia mstari. Mtu aliyeuza mafuta yake, alijiambia, hawezi kukesha chini ya gari akiyatafuta. Lakini hilo lilikuwa wazo, halikuwa ushahidi, na mahakama haifungui mlango kwa wazo.

Jioni alikwenda kwenye gereji ya Luka, Makole. Luka alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya shirika moja la umma hadi shirika lilipokufa na wafanyakazi kurudishwa nyumbani. Sasa alikuwa na uzio wake wa mabati, mitungi yake ya gesi na kibao kilichoandikwa kwa mkono. Yeye ndiye aliyelitengeneza tangi la pili.

Alikuwa na wasiwasi kabla hajaulizwa.

"Nimesikia maneno ya mjini, Afande. Eti nimewapunja, nimetengeneza tangi dogo. Nani kasema hivyo?"

"Wewe ulisikia kwa nani?"

"Dokta Castory alipita hapa jana. Akasema nijiandae, mradi utaniuliza kuhusu ujazo."

Bupe alitazama mabati yaliyoegemezwa ukutani. "Na ujazo ulikuwa kiasi gani?"

"Madebe manne na nusu. Nililijaza maji mbele ya mratibu wa mradi kabla hajalipokea, kuona kama linavuja. Ndani nimeweka vizuizi viwili vya bati vyenye matundu, ili mafuta yasirukeruke gari likipita kwenye makorongo. Hayo ndiyo yote yaliyomo ndani."

"Miezi miwili iliyopita ulilitengeneza lilipovuja?"

"Halikurudi hapa, Afande. Kama lilivuja, mimi sikuambiwa. Na lingekuwa linavuja, kwa nini Dokta asililete kwangu? Niliwapa dhamana ya mwaka mzima."

Bupe alirudi ofisini akiwa na washukiwa wawili badala ya mmoja. Luka angeweza kuwa anadanganya kuhusu vizuizi. Yotham angeweza kuwa anadanganya kuhusu mshale. Wote wawili walikuwa na sababu ya kujitetea. Alihitaji mtu aliyekuwemo garini ambaye hakuwa na cha kupoteza.

Penina, yule nesi, Bupe alimkuta kesho yake asubuhi kwenye kibaraza cha nyumba yake, anafua. Koti jeupe lilikuwa limelowekwa peke yake kwenye beseni.

"Pole, Sista."

"Ahsante. Karibu kiti." Penina alijifuta mikono. "Nimeshaandika maelezo polisi Kongwa."

"Nimeyasoma. Umeeleza tangu gari lilipozima. Mimi nataka kabla ya hapo. Nani aliwaambia habari za Tereza?"

"Mazengo mwenyewe. Jumanne asubuhi tulikuwa tumemaliza kliniki kijiji cha mwisho, tunafunga mizigo kurudi. Akaja mbio, jasho linamtoka. Anasema mkewe yuko kitongojini, ng'ambo ya mbuga, mtoto hatoki tangu juzi. Mimi nikaingia garini kabla hajamaliza kusema. Yotham akawasha."

"Na tabibu?"

Penina alilitazama koti kwenye beseni. Si kwamba alitaka kuficha. Alikuwa analiona jambo lile upya.

"Alikataa," alisema. "Alisema hatuwezi kwenda, mafuta hayatatosha. Yotham akamwambia, Dokta, tangi la pili sijaligusa, limejaa pomoni. Akasema, nimesema hayatatosha. Nikamwuliza, sasa huyu mama tumwache afe? Mazengo akapiga magoti pale kwenye vumbi, mtu mzima. Watu wakaanza kukusanyika. Ndipo Dokta akapanda gari. Njia nzima hakusema neno. Mimi nilimhukumu moyoni kwamba ni mvivu, anataka kuwahi nyumbani."

"Gari lilipozima, alifanya nini?"

"Alisema anakwenda kutafuta msaada. Akatembea gizani, peke yake, mpaka akapata lori barabara kuu. Ilikuwa hatari, kule kuna fisi. Siwezi kumnyima hilo. Alirudi na lori mchana wake. Lakini Tereza alikwishakufa."

"Yotham alipokuwa anagonga tangi, Castory alikuwepo bado?"

"Alikuwepo. Yotham alimwambia, Dokta, mafuta yapo, sikia. Dokta akasikiliza. Halafu akasema, basi wewe endelea kutafuta, mimi naenda."

Bupe aliagana naye kwa mikono miwili.

Wambura alirudi Jumapili, mavumbi yamemkaa kwenye nyusi.

"Mashine ya kusaga haijazunguka tangu mwezi uliopita, Afande. Injini imefunguliwa, iko vipande vipande sakafuni. Mwenye mashine anasema, nikanunue dizeli nimnyweshe nani? Na dumu kweli limepasuka mshono. Kuku alimtoa yeye, anamkumbuka, alikuwa tetea mwekundu."

"Vizuri. Kesho tunapima tangi. Kuna jambo lingine?"

"Tabibu Castory amekuja hapa mara mbili nilipokuwa sipo. Kaunta wanasema anaomba gari lihamishiwe ghalani Mkonze, eti wafadhili hawataki mali yao ipigwe jua kwa polisi. Ameleta na barua."

"Mjibu kwamba gari litatoka kesho saa tisa alasiri," Bupe alisema. "Aje alichukue mwenyewe. Mwombe na Sista Penina afike."

Jumatatu mchana uani kulikuwa na joto na utulivu. Luka aliitwa aje na ndoo na debe. Land Rover ilisimama kwenye kivuli cha ukuta. Tangi la pili lilining'inia chini ya ubavu wa kushoto, refu, jeusi, na upande wake wa nyuma ulifunikwa na bamba nene la kukinga mawe.

"Bamba hili uliliweka wewe?" Bupe aliuliza.

"Hapana," Luka alisema. "Na rangi hii si yangu. Hii ni lami."

"Mwaga maji."

Luka alimwaga debe la kwanza kwenye mdomo wa tangi. Akamwaga la pili. Alipoinua la tatu, maji yalijaa mdomoni, yakafurika na kumwagikia viatu vyake. Alisimama akilitazama tangi kama mtu anayetazama mtoto wake akizungumza lugha ngeni.

"Afande, hili ni la kwangu kwa nje," alisema. "Ndani si langu."

Wambura alipiga magoti, akagonga kwa spana. Mbele, penye maji, mlio ulikuwa mzito. Nyuma, palipopaswa kuwa na maji vilevile, mlio ulikuwa mzito pia, lakini mkavu, kama mtu anayegonga gogo.

"Tufungue bamba?" aliuliza.

"Subiri," Bupe alisema. "Saa tisa imekaribia."

Castory alifika amevaa suti ya kaunda, nadhifu, ana ufunguo wa akiba mkononi. Alikuwa mtu mwenye sura ya upole, aliyeheshimiwa vijijini, aliyewahi kuwaleta watoto wengi duniani wakiwa hai. Alipomwona Penina akashangaa. Alipomwona Yotham katikati ya askari wawili akatazama pembeni. Kisha akaona maji yaliyotapakaa chini ya gari.

"Dokta, karibu," Bupe alisema. "Kabla sijakukabidhi gari, nina swali moja. Jumanne, Mazengo alipokuja kuomba msaada, ulisema mafuta hayatatosha. Ulijuaje?"

"Ni hesabu ya kawaida. Njia ilikuwa ndefu."

"Yotham anaijua njia kuliko wewe, na yeye alisema yatatosha mpaka yabaki. Mshale ulikuwa juu kabisa. Sista aliamini yatatosha. Mratibu aliyelipokea tangi angeamini yatatosha. Watu wote wa mradi walijua tangi lile linameza madebe manne na nusu. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua linameza mawili."

"Huyo ni fundi," Castory alisema haraka, akimwonyesha Luka kwa kidole. "Ametupunja bati. Nilianza kumshuku, ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi wa mafuta."

"Ulimshuku, ukanyamaza? Ukaandika kwa mkono wako kwamba dereva kauza mafuta kwa mwenye mashine?"

Castory alizungusha ufunguo kidoleni.

"Ungemwambia Yotham siku ile, kwamba tangi lina nusu tu, angefanya nini?" Bupe aliendelea, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza bei ya mchele. "Yotham, mwambie."

"Ningekatiza kwa njia ya wafugaji," Yotham alisema taratibu. "Ni mbaya, inaumiza gari, lakini ni fupi. Tungefika Kongwa kabla ya giza. Nilizunguka kwa barabara nzuri ili mgonjwa asirushwerushwe. Nilijua mafuta ninayo."

Penina alijishika mdomo.

"Fungua," Bupe alimwambia Wambura.

Bamba lilikuwa na boliti sita. Nyuma yake palikuwa na mfuniko mdogo uliokatwa kwenye ukuta wa tangi, umebanwa na mpira wa ndani wa gurudumu ili vumbi lisipenye. Wambura aliingiza mkono, akavuta gunia lililofungwa kwa kamba ya katani. Akavuta la pili. La kwanza lilipofunguliwa, yalitokea meno ya tembo, yamekatwa vipande vya urefu wa mkono, yamepangwa kwa uangalifu kama bandeji kwenye sanduku la dawa. Boya la mshale lilikuwa upande wa mbele, upande wa dizeli, kwa hiyo madebe mawili yalitosha kuusimamisha juu kabisa na kumdanganya dereva yeyote.

Castory alikaa kwenye ngazi ya gari. Hakuna aliyemwambia akae.

"Ukuta wa katikati niliuchomeleshea Morogoro," alisema. "Hapa wangenijua. Magunia niliyapakia alfajiri ya Jumanne, wenzangu wakiwa wamelala. Ilikuwa mara ya kwanza. Hamtaniamini, lakini ilikuwa mara ya kwanza."

"Kwa ajili ya nini?"

"Siku hizi wameruhusu watu kufungua zahanati zao. Miaka kumi na minane nimefanya kazi kwenye vyumba visivyo na pamba. Nilikuwa nimeshapata pango hapa mjini, vyumba vitatu. Nilitaka kitanda cha kujifungulia, taa, na mashine ya kufyonza. Mnunuzi aliahidi kuniletea vifaa vyote kutoka Dar. Nilitaka mama aje kwangu akute kila kitu. Na serikali imeruhusu, Afande."

"Imeruhusu zahanati," Bupe alisema.

"Nilipiga hesabu. Ratiba ya kawaida mafuta yalitosha kabisa. Sikujua kwamba kutatokea mgonjwa."

"Dokta," Penina alisema, "sisi tulikwenda kule kwa sababu kuna wagonjwa."

Castory alimtazama. Kisha akageukia Yotham. "Ulipogonga tangi, nilitaka kukuambia. Nilisema moyoni, nikimwambia, mafuta hayarudi, na mimi nimekwisha. Nikaona bora nitembee. Nilikwenda mbio, Yotham. Haki ya Mungu, nilikimbia."

"Umeniacha natafuta kitu ambacho hakipo," Yotham alisema. "Na Sista alikuwa peke yake juu, ananiita nimshikie tochi, mimi namwambia subiri, mafuta yapo, yanakuja. Ningejua hayapo, ningetoka pale chini."

Wambura alimwinua Castory kwa mkono, wala hakumvuta, akamwongoza ndani.

Jumanne asubuhi Yotham aliachiwa. Bupe alijitolea kumpeleka nyumbani, lakini yeye aliomba apitishwe kwanza hospitali. Walimkuta Mazengo amekaa kwenye benchi nje ya wodi, fimbo katikati ya magoti. Bupe alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," akakaa pembeni yake na kumweleza yote, polepole, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya pili kwa Mazengo na hili halikuwa jambo la kueleza nusunusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alirudisha swali moja tu.

"Wangepita ile njia mbaya, mke wangu angepona?"

"Sista anasema labda. Hakuna anayejua."

Mazengo alitikisa kichwa. Halafu akainuka, akaenda pale Yotham aliposimama, mbali, karibu na bomba la maji, kama mtu asiye na uhakika kama anaruhusiwa kusogea.

"Nimekuita mwizi," Mazengo alisema. "Nimelisema Kongwa. Nimelisema kijijini, msibani, watu wote wakisikia."

"Ulikuwa na uchungu, Baba. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Hapa tuko wawili, na huyu mama askari. Kijijini hawajui." Alibadilisha fimbo mkono. "Alhamisi tunanyoa nywele, tunamaliza msiba. Watu wote watakuwepo. Njoo. Usije na gari. Panda lori pamoja na mimi, ukae karibu yangu, waone. Neno nimelisema mbele ya watu, nitalirudisha mbele ya watu."

Yotham alimtazama Bupe, kana kwamba bado alihitaji ruhusa ya mtu. Bupe alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Nitakuja," Yotham alisema.

Ndani ya wodi mtoto alianza kulia, kilio cha njaa, chenye nguvu. Mazengo alishika mlango, akausukuma, akaushikilia wazi mpaka Yotham alipotangulia kuingia.